Mwenye Nyumba Asiyeijua Nyumba Yake

Nyumba huanza kuchakaa siku ile ile inapokwisha kujengwa. Jua hupasua rangi yake, mvua hutafuta tundu la msumari, hewa ya chumvi hula chuma, na mchwa hupanda kimya kimya kutoka ardhini. Hakuna nyumba iliyosamehewa deni hili, iwe ya udongo au ya mawe, ya maskini au ya tajiri. Tofauti huletwa na mwenyewe. Mwenye nyumba mmoja huuona ufa ungali mwembamba kama uzi, akauziba jioni ile ile. Mwingine hupita mbele ya ufa huo kila siku kwa muda wa miaka mitatu, kisha, plasta ikianguka, hulalamika kwa majirani kuwa waashi wa siku hizi ni wezi.

Maneno haya yameandikwa kumpinga huyu wa pili, na zaidi kuipinga fikira inayomlea. Fikira hiyo husema kwamba mtu aliyesoma hapaswi kushika nyundo. Kwamba kutengeneza nyumba ni kazi ya waliokosa kazi iliyo bora. Na kwamba heshima ya mwenye nyumba ni kuagiza na kulipa. Mimi nasema kwamba mtu anayemiliki nyumba, na asiyeweza kukaza bawaba ya mlango wake wala kugongomea bati lililolegea, anamiliki hati tu. Nyumba yenyewe imo mikononi mwa watu wengine. Nasema pia kwamba elimu iliyomfundisha kuona haya mbele ya msumeno imemnyang'anya kitu ambacho bibi yake, asiyejua kusoma, alikuwa nacho.

Tumtazame bibi huyo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu nyumba ilikuwa ya miti, fito na udongo. Wanaume aghalabu walisimamisha miti na kuezeka. Kukandika na kusiriba kuta ilikuwa kazi ya wanawake. Masika yalipokwisha, mwanamke alizunguka nyumba yake akikagua mahali mvua ilipochimba. Alichanganya udongo na samadi ya ng'ombe, akaziba, akalainisha kwa kiganja. Kwa Wamaasai mwanamke ndiye aliyejenga nyumba yote, na mvua ilipovuja yeye ndiye aliyepanda kuipaka paa samadi mpya. Kule pwani mwenye paa la makuti alijua kuwa makuti hayadumu ila miaka michache, akasuka mengine kabla ya mvua kumkumbusha. Hakuna aliyeliita jambo hili ufundi, wala hakuna aliyelionea haya. Lilihesabiwa kuwa sehemu ya kukaa katika nyumba, kama kufagia na kuwasha moto.

Wala tusidhani kwamba ujuzi huo ulikuwa wa nyumba za udongo peke yake. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Kuta za namna hii hupokea unyevu na kuutoa tena. Kwa hiyo wenyeji walizipaka chokaa mara kwa mara, nazo zikasimama karne baada ya karne. Baadaye walitokea watu walioona chokaa kuwa kitu cha kizamani, wakafunika kuta za kale kwa saruji ngumu ili kuziboresha. Saruji hairuhusu unyevu kutoka kwa wepesi kama chokaa. Maji yakafungiwa ndani ya ukuta, chumvi ikajikusanya chini ya plasta, plasta ikabambuka vipande vipande, na ncha za boriti zikaanza kuoza. Waliotumia fedha nyingi wakapata hasara kubwa kuliko waliotumia ndoo ya chokaa. Kuboresha nyumba bila kuijua ni kuiharibu kwa gharama.

Na ikiwa mtu anataka kuona nini hutokea mkono wa mwanadamu ukiondoka kabisa, na aende Gedi, karibu na Malindi. Pale palikuwa na msikiti mkubwa, jumba la mtawala, visima, na nyumba za mawe zilizojengwa kwa ustadi. Leo paa hazipo, na mizizi ya miti mikubwa imekumbatia kuta. Mawe yale ni magumu, lakini ugumu wake haukutosha. Palipokosa mtu wa kung'oa mche ukiwa mdogo, mche ulikuwa mti.

Basi haya ya kushika nyundo imetoka wapi? Ni haki tuseme kwamba ina historia yake, na kwamba waliokuwa nayo kwanza hawakuwa wapumbavu. Wakati wa ukoloni kazi katika Kenya zilipangwa kama ngazi: Mzungu alisimamia, Mhindi alikuwa fundi na mfanyabiashara, Mwafrika akawa kibarua. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, nayo ikasisitiza kwamba elimu ya Mwafrika ielekezwe katika kilimo na kazi za mikono. Wazazi wengi walilitilia shaka jambo hilo. Waliona kuwa watoto wa walowezi walipewa vitabu, na watoto wao walipewa majembe na misumeno. Walitaka vitabu, na walikuwa na haki ya kuvitaka. Walipoikataa nyundo walikuwa wakikataa kufungiwa katika daraja la chini la ngazi.

Lakini sababu ile ilikwisha uhuru ulipopatikana mwaka 1963, na haya ikabaki. Mkoloni alikwenda zake, nasi tukaitunza dharau yake kama kwamba ilikuwa urithi wa wazee wetu. Baba aliikataa nyundo kwa sababu alilazimishwa kuishika kwa faida ya mtu mwingine. Mwana huikataa hata inapokuwa ni yake, katika nyumba yake, kwa faida yake. Haya ni mambo mawili yasiyofanana. Mtumwa hulazimika kuchota maji ya bwana wake. Mtu huru anayekataa kuchota maji yake mwenyewe hafi mtumwa, lakini hufa kwa kiu.

Mtazame basi mwenye nyumba wa leo. Ana shahada ukutani, na shahada hiyo imening'inia upande kwa kuwa msumari wake ulilegea mwaka juzi. Mlango wa jikoni umekaa mwezi mzima ukizuiliwa na jiwe, kwa sababu parafujo mbili za bawaba zimetoka na fundi hajafika. Mfereji unadondoka usiku kucha ndani ya sufuria. Gari lake akilisikia likitoa mlio mgeni hukosa usingizi. Nyumba yake ikitoa milio kumi huongeza sauti ya redio. Mtu huyu si mvivu, maana huamka alfajiri na kurudi usiku. Amefundishwa tu kwamba mambo haya hayamhusu.

Tuchukue mfereji ule unaodondoka, tuufanyie hesabu ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuifuata. Tuseme unadondosha tone 1 kila sekunde. Kwa siku moja ni matone 86,400. Kwa kadirio la kawaida matone 20 ni mililita 1. Kwa hiyo kila siku zinapotea lita 4 na zaidi, na kwa mwaka karibu lita 1,577. Hayo ni madumu 78 ya lita 20, nayo yanakaribia kuwa 79. Katika nchi ambayo mama wa Kitui au Wajir huweza kutembea mwendo mrefu kwa ajili ya dumu moja, mtu mmoja wa mjini humwaga madumu 78 kwa mwaka, akayalipia, kwa sababu ya kipira kidogo kilicholika ndani ya mfereji. Kipira kipya hupatikana dukani kwa bei isiyofika ya mkate. Katika mifereji ya kawaida ya kuzungusha kazi yenyewe ni hii: funga koki kuu, fungua mfereji maji yaliyobaki yatoke, legeza kichwa chake kwa spana, toa kipira kibovu, tia kingine cha ukubwa ule ule, kaza. Aliyeweza kukokotoa mlinganyo wa aljebra hawezi kushindwa na jambo hili. Hulishindwa kwa kuwa hajalijaribu.

Maji ndiyo yanayostahili kuogopwa kwanza katika nyumba, kuliko jua na kuliko mwizi. Mwenye kujua adui huyu anaingia wapi amekwisha kuilinda nusu ya nyumba yake. Bati hupigwa msumari juu ya mgongo wa mkunjo wake, kwa maana maji hupita bondeni. Anayepigilia bondeni amejichimbia kisima juu ya kitanda. Doa la maji darini halionyeshi daima mahali tundu lilipo, kwa kuwa maji huingia pamoja, yakatambaa juu ya mbao, yakadondokea pengine. Milizamu inayopokea maji ya paa ikijaa majani, maji hufurika, yakapiga ukuta na kulowesha msingi. Ndipo rangi ya ndani huanza kuvimba na ukungu kuota, na mwenye nyumba hununua kopo la rangi, akapaka juu ya unyevu, akashangaa kuona rangi mpya inavimba kama ile ya kwanza. Amefunika kidonda bila kukiosha. Saa moja juu ya ngazi kabla ya masika, akitoa majani kwa mkono, ingaliiponya nyumba ile.

Hapa watatokea wenye kupinga, nao wana hoja ambazo si haki kuzipita.

Wa kwanza husema: kila mtu akijitengenezea nyumba, fundi atakula nini? Swali hili lina huruma, lakini halina hesabu. Kazi za ujenzi katika nchi hii hazitamalizika kwa sababu mwalimu mmoja amekaza bawaba yake. Kinachomuumiza fundi hodari ni mwenye nyumba asiyejua kitu. Mtu huyo hawezi kupambanua kazi njema na mbovu, basi huchagua iliyo rahisi. Na fundi mwaminifu anayedai bei ya haki humpoteza mteja kwa mdanganyifu. Mwenye kujua kuwa saruji iliyokwisha kuanza kuganda haifufuliwi kwa kutiwa maji mengine, na kwamba plasta mpya hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa ili ikomae vizuri, huyo akimpata fundi anayeyafanya hayo humlipa kwa furaha na kumsifu kwa jirani. Fundi mwema hana rafiki bora kuliko mteja anayeielewa kazi yake.

Wa pili husema: wakati wangu una thamani, katika saa ninayopoteza juu ya ngazi ningaliweza kupata fedha za kuwalipa mafundi wawili. Huenda ni kweli kwa watu wachache. Lakini tuulize pia thamani ya siku alizokaa nyumbani akimngoja fundi asiyekuja, na ya dari iliyoanguka kwa kuwa tundu dogo halikuwa na hadhi ya kumwita mtu. Kasoro ndogo haina wa kuitengeneza ila mwenyewe. Hakuna fundi anayevuka mji kwa ajili ya msumari mmoja, na kwa hiyo msumari mmoja hungoja mpaka ukawa bati zima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipoita mtu wa kuziba.

Wa tatu husema: mtu asiye na ujuzi ataharibu, au atajiua. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na jibu lake ni kwamba kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ujuzi wenyewe. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240, nao hauna msamaha. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inamtaka anayefanya kazi ya nyaya za umeme awe na leseni. Basi mwenye nyumba na abadili taa baada ya kuzima swichi, na nyaya za ndani ya ukuta aziachie wenye leseni. Kadhalika paa za zamani za asbesto zisikatwe wala kutobolewa na mtu yeyote asiyeruhusiwa. Vumbi lake huleta maradhi ya mapafu na saratani, na kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliitia asbesto katika taka za hatari. Wala mtu asibomoe ukuta kabla ya kuuliza kama ukuta huo umebeba kitu.

Hata nyufa si za namna moja. Ufa mwembamba kama unywele juu ya plasta ni kazi ya jioni moja. Lakini ufa unaoshuka kishazari kutoka pembe ya dirisha unataka kuchunguzwa. Chora alama ya penseli kwenye ncha yake na uandike tarehe. Utazame tena baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu. Ukiwa umevuka alama, huenda msingi unakwenda, jambo la kawaida penye udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za Nairobi. Hapo mwite mhandisi, ukampe tarehe zako. Mjinga angalipaka rangi juu ya ufa huo, nao ungaliendelea na safari yake chini ya rangi.

Tena wako wanaosema: sisi ni wapangaji, nyumba si zetu. Ni kweli kwamba wengi wa mjini hupanga, na mpangaji hana wajibu wa kumjengea mwenye nyumba. Lakini ujuzi hukaa mikononi mwa mtu, haukai katika hati ya ardhi. Anayejifunza leo kwa kiti chake kilicholegea na kitasa cha sanduku lake atahamia nyumba yake kesho akiwa na mikono iliyokwisha kuelimika.

Nayo mikono hiyo ni ya wasichana sawasawa na ya wavulana. Ni jambo la ajabu kwamba katika nchi ambayo kuta za nyumba nyingi zilisimamishwa na kuponywa na wanawake, msichana leo huambiwa kuwa bisibisi ni chombo cha kaka yake. Kaka huyo mara nyingi hajui kuitumia, na dada hajaruhusiwa kujaribu. Basi mlango hukaa vile vile na jiwe lake.

Shule zetu zilipewa nafasi ya kurekebisha jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta useremala, uashi, sayansikimu na mengineyo, na wazazi walichanga kwa harambee kujenga karakana. Shule nyingi hazikupata vifaa wala walimu wa kutosha, wanafunzi wakajifunza randa kwa kuichora ubaoni, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeahidi tena kuielimisha mikono. Ahadi hiyo itakuwa ya karatasi kama ya kwanza ikiwa mwanafunzi ataandika insha juu ya nyundo akiwa ameketi juu ya dawati lililovunjika, na asiweze kulipigilia msumari.

Kwa hiyo, vijana, msingoje mtaala. Nyundo, koleo, bisibisi, spana, msumeno mdogo, mwiko wa kuashia na timazi vinaenea katika sanduku moja, na vingine vya hivyo vimo nyumbani kwenu tayari, chini ya kitanda, vikila kutu. Vitoeni mvipake mafuta. Kabla ya masika yajayo zungukeni nyumba ya wazazi wenu kama alivyoizunguka bibi: tazameni mabati, milizamu, nyufa, bawaba na mifereji, andikeni kila kasoro katika daftari, gawanyeni kasoro hizo mafungu mawili, zile mnazoziweza na zile za wenye leseni. Kisha anzeni na iliyo ndogo kuliko zote. Mkikosea katika kiti, kiti kitawasamehe. Wala msiogope macho ya wapita njia watakaomwona mwanafunzi wa sekondari juu ya ngazi, mikono imejaa majani yaliyooza. Mvua itakaponyesha watakuwa wakitafuta ndoo za kukingia maji ndani ya nyumba zao, na ninyi mtakuwa mmelala.